Mbea wa Shingoni

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwa sababu nikifungua mdomo leo nitamtukana kaka yangu, na marehemu mama alituusia tusije tukatukanana. Karatasi haitaniambia nipunguze sauti.

Mvua zimeanza juzi. Siku hiyo hiyo baba alitoka asubuhi kwenda bafu la uani, sakafu imelowa, akateleza. Akakaa pale chini mpaka mimi niliporudi kutoka kazini jioni. Hakuvunjika popote, ila goti limevimba. Nilimkuta amejifunika taulo, akaniambia, "Umechelewa leo." Basi. Mtu amelala kwenye baridi mchana kutwa, la kusema ni hilo.

Leo kaka kaja na gari lake. Hakukaa hata kitini akaanza: "Mzee anahamia kwangu. Banda lifungwe."

Hilo banda ndiyo roho ya baba. Ni fundi viatu tangu sijazaliwa. Liko mbele ya nyumba yetu, lina kigoda, nyundo, gunia la ngozi, na kile chuma chenye umbo la unyayo anachogongea soli. Nyumba ya kaka iko ghorofani, ina vigae hadi jikoni. Baba akamuuliza, "Kwako nitagonga wapi?"

Kaka akatoa methali: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu hapa ni nani?" baba akauliza.

Mimi ni fundi simu. Nikasema nitamtengenezea baba kifaa cha kuvaa shingoni, akianguka nipigiwe simu hapo hapo. Kaka akacheka kicheko chake cha ofisini. "Haya, fundi. Tengeneza. Lakini kikishindwa mara moja, mara moja tu, mzee anakuja kwangu, na sitaki kusikia neno." Nikasema sawa. Nilisema sawa mbele ya baba, na baba hakuulizwa. Hasira yote hii, na nusu yake ni yangu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza. Ndani ya kila simu kuna kihisi-mwendo, kidogo kuliko punje ya mchele. Ndicho kinachojua umeilaza simu au umeisimamisha, ndiyo maana picha inageuka. Bei yake rahisi kabisa. Kinajua pia kuanguka. Kitu kikianguka kwanza kinakuwa hewani, hakina uzito, halafu kishindo, halafu kinatulia. Hewani, kishindo, kimya. Ukiyapata hayo matatu kwa mfuatano huo, mtu kaanguka.

Taabu ni betri. Ninayotumia ni ile ya saa, maana baba hatavaa tofali shingoni. Akili ya kifaa ikikaa macho muda wote, betri haimalizi wiki. Kwa hiyo nimeilaza. Anayekesha ni kihisi peke yake, kinakula umeme kiduchu, na kikipata mtikisiko mkubwa ndipo kinamwamsha mkubwa wake: amka, kuna jambo. Mkubwa akiridhika, kifaa kinalia na kuishtua simu kuukuu niliyoichomeka ukutani, nayo inanipigia mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejirusha godoroni nikiwa nimesimama, mbele, nyuma, ubavu, mpaka mbavu zinauma. Kinalia kila mara. Kaka aje aone.

Jumapili, 9 Machi

Nimemvisha. Akakishika akakigeuza. "Kinafanya nini?"

"Ukianguka kinaniambia."

"Kwa hiyo ni mbea."

"Baba, si mbea."

"Anayekaa shingoni mwangu na kupeleka habari zangu kwa watu ni nani kama si mbea?" Halafu akakaa kwenye kigoda chake, magoti yakamfika kidevuni, akasema, "Na mtu wa kigoda aanguke aende wapi? Nishafika chini!" Akaangua kicheko mwenyewe. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka na mbavu zangu.

Jumatatu, 10 Machi

Jamani!

Saa tatu asubuhi simu ikalia: BABA KAANGUKA. Niliacha mteja na simu yake imefunguliwa tumbo mezani, nikakimbia kwenye mvua bila mwavuli. Nakuta baba yuko kigodani, misumari midomoni, kiatu kwenye chuma, anagonga. Kifaa kinalia kifuani na yeye anagonga tu. "Umesahau nini?" akaniuliza.

Nyundo! Kila pigo linapanda mkononi mpaka kifuani, na kihisi kinadhani dunia imekwisha. Nikarudi kazini nimelowa chapachapa. Kikalia tena. Na tena. Mara zote naogopa kutokwenda, maana je, kama safari hii ni kweli?

Jirani yetu, Mama Cherehani, anashona nguo upande wa pili wa ukuta. Miaka yote analalamika kuhusu nyundo. Jioni akanipazia sauti: "Kwanza nyundo, sasa king'ora! Mimi niko kwangu nashona au niko kituo cha zimamoto?" Nikampa vidonge vyake. Sitaviandika.

Jumatano, 12 Machi

Betri imekufa. Nyundo imemwamsha mkubwa kila dakika mpaka amekwisha nguvu.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimekaa bandani na baba siku nzima kukifundisha kifaa nyundo. Yeye anagonga, mimi nasoma kinachoandikwa kwenye kompyuta. Pigo la nyundo ni fupi na kali, na kabla yake hakuna kuwa hewani. Basi nimekiambia: kishindo kisichotanguliwa na kuwa hewani, puuza, usimwamshe mtu. Na huko kuwa hewani kuwe kwa muda wa mtu aliyeanguka kutoka wima, maana baba akijibwaga kitini, au akirusha mguu kuvuta uzi, nako kulikuwa kunanipigia simu.

"Kwa hiyo sasa kinaijua kazi yangu," baba akasema.

"Kinaijua ili kisiijali."

"Kama kaka yako," akasema, akaingiza msumari mwingine mdomoni.

Alhamisi, 20 Machi

Kimya. Nyundo inapiga, mbea ametulia, betri imejaa. Leo nimetembea kichwa juu.

Jumamosi, 22 Machi

Kaka kaja kukagua. Akakivua kifaa shingoni mwa baba bila hata kuomba, akakiachia kutoka usawa wa kichwa chake kikatua juu ya gunia. Kikalia, simu yangu nayo ikalia. Uso ukamshuka. Nilimwona! Mtu anasikitika kwamba kifaa cha kumwokoa baba yake kinafanya kazi. "Tutaona," akasema.

Wifi alikuwa ameleta kiti kikubwa cha mito ili baba aachane na kigoda. Baba akamshukuru kwa heshima zote, halafu akapanga juu yake viatu vya wateja.

Ijumaa, 28 Machi

Nimegombana na Mama Cherehani, na safari hii si mzaha. Alikuwa dirishani anapiga kelele kwamba nyundo inamtetemesha sindano. Nikamwambia kama hawezi, ahame. Akasema, "Mimi nimeishi na nyundo ya baba yako kabla wewe hujaota meno. Usinifundishe." Nikamwita mnoko. Akafunga dirisha.

Sijuti. Mtu gani anachukia sauti ya mzee anayefanya kazi?

Jumanne, 1 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Bati la jikoni linavuja. Kaka alisema ataleta fundi. Fundi huyo labda anakuja kwa miguu kutoka mbinguni.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Kaka kapiga: "Kifaa bado kizima?" Hakuuliza baba mzima. Nikamkatia simu.

Jumanne, 8 Aprili

Leo mwandiko utakuwa mbaya.

Mvua ilianza kabla sijatoka nyumbani, ile ya kumwagika juu ya mabati mpaka mtu aliye mbele yako inabidi umsome midomo. Nikaenda kazini. Mchana nikaitazama simu, haina kitu, nikafurahi. Nilifurahi! Nilimwonyesha mpaka mwenye duka: tazama, mzee wangu yuko salama, kifaa kimetulia. Akasema tutengeneze vingi tuuze. Nikajiona mtu.

Mvua ikakata alasiri. Haukupita muda simu ikalia. Si kifaa. Alikuwa Mama Cherehani, ambaye hatujasemeshana tangu ule ugomvi. "Njoo," akasema. "Baba yako."

Sijui nilivyofika. Baba alikuwa amelala ubavu kando ya kigoda, kichwa kimeegemea gunia la ngozi, mkono wa kushoto uko chini yake. Mama Cherehani amepiga magoti kwenye tope, amemfunika gauni la mteja, gauni jeupe la harusi, analipapasa kumzunguka kana kwamba ni blanketi. Baba alikuwa baridi na midomo imekauka. Kizunguzungu kilimpata asubuhi alipoinama kuokota msumari, akaenda upande. Bega likateguka. Goti lile bovu likakataa kumnyanyua. Aliita mpaka sauti ikamwishia, lakini nani angesikia chini ya mabati yale?

Na mbea alikuwa shingoni kwake. Mzima, betri imejaa. Kimya.

"Umejuaje?" nikamuuliza Mama Cherehani tukiwa tunasubiri gari la kumpeleka hospitali.

Akanijibu kwa ukali, na machozi yanamtoka. "Mvua ilipokata nikasubiri kelele zenu. Nikasema sasa ataanza. Nikashona pindo moja, nikashona la pili, hakuna nyundo. Nikakasirika. Nikasema huyu mzee kaona anitese na kwa kunyamaza pia. Nikaja kumgombeza."

Hospitali walilirudisha bega, wakamfunga mkono, wakasema kizunguzungu ni shinikizo la damu, kuna vidonge. Nikiwa pale kwenye benchi nikakivua kifaa nikakisoma. Nilitaka nikute kimeharibika. Naapa nilimwomba Mungu kiwe kimeharibika. Hakina ubovu. Kimefanya nilichokiambia. Mtu akianguka kutoka kwenye kigoda hakai hewani. Anapinduka tu, kishindo chake kidogo na kifupi. Kinafanana na nyundo. Na nyundo nilikiambia nini? Puuza.

Nilijirusha kutoka wima mpaka mbavu zikauma. Kutoka kigodani sikujirusha hata mara moja. Nimemwona baba kwenye kigoda kile maisha yangu yote, na haikunipitia kichwani kwamba hapo napo mtu anaanguka.

Baba akafumbua macho akaniona nimekishika. "Nilikwambia," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Nishafika chini." Akajaribu kucheka. Nilitoka nje nikaupiga ukuta wa hospitali kwa ngumi. Vidole vimevimba.

Jumatano, 9 Aprili

Kaka alikuja na wifi na masanduku. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Tulikubaliana," akasema. 

Akafunga banda, akatia funguo mfukoni. Baba yuko ndani ya gari, mkono shingoni, akasema, "Nyundo."

"Kule huhitaji nyundo, baba," kaka akamjibu, taratibu, kama anasema na mtoto.

Kifaa akasema baba aendelee kukivaa, hata simu ya ukutani akaichomoa akaichukua. "Si kibaya kuwa nacho." Nilikuwa natazama mfuko wenye funguo.

Jumamosi, 12 Aprili

Kimya pande zote mbili za ukuta. Hata cherehani sijaisikia.

Jumatano, 16 Aprili

Nimetoka kumwona. Kachanwa nywele, kavishwa soksi, kawekwa mbele ya televisheni. Wifi anamtunza, nisiseme uongo. Vidonge kwa saa, maji ya moto, kila kitu. Nilitaka kumchukia nikakosa pa kushika. Baba haruhusiwi kushuka ngazi. Chakula anakigusa tu. Mgeni akiingia, baba hamtazami usoni, anatazama soli.

"Yule bwana anakanyagia nje," akaninong'oneza. "Kisigino kitaisha kabla ya mwezi." Halafu akatazama mikono yake.

Nikasoma kifaa. Hakuna kitu. Hakuna pigo, hakuna mtikisiko, siku zote ni mstari mmoja ulionyooka. Betri itakaa mwaka.

"Mbea hana la kusema," baba akasema.

Nimeshuka ngazi zote zile nimeuma meno. Kaka kanisindikiza mpaka mlangoni, anasema, "Unaona alivyo salama?" Salama! Hata kiatu kilicho kabatini kiko salama.

Jumapili, 20 Aprili

Nilikwenda kwa Mama Cherehani kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno, hakunipa nafasi. Alikuwa amekaa, kitambaa kiko kwenye mashine, hashoni.

"Siwezi," akasema. "Najaribu nashindwa. Sijui nimekaa muda gani, sijui nipumzike saa ngapi. Kumbe nilikuwa naenda na nyundo yake. Akigonga najua yupo, naendelea na yangu. Akinyamaza kidogo najua anakunywa maji. Mwanangu, siku ile sikusikia kitu kikianguka. Nilichosikia ni kwamba hakuna kitu."

Nikamwambia arudie. Akarudia, akanitazama kama nimepungukiwa akili. Nikaondoka hata kuaga sikuaga vizuri.

Jumamosi, 26 Aprili

Wiki nzima baada ya kazi nimekuwa na hili jambo. Nimetengeneza kifaa cha pili, cha sura ile ile.

Nilikiuliza kihisi swali silo. Nilikuwa namngoja baba aanguke. Mtu anaanguka kwa namna elfu moja, na nyingine hazina hata kishindo. Lakini nyundo naijua. Nilikaa siku nzima naisoma, nikaijua mpaka sura yake, halafu nikaitupa. Sasa nimeiokota. Kihisi kinahesabu mapigo chenyewe na mkubwa wake amelala. Mara chache kwa siku mkubwa anaamka anauliza: amegonga? Kama amegonga, analala tena. Kama asubuhi imekwisha na nyundo haijasikika, analia, na haachi mpaka aisikie. Usiku kikivuliwa na kulazwa, nacho kinalala. Umeme kinakula kidogo kuliko cha kwanza. Kuanguka kutoka wima bado kinakukumbuka, na kutoka kigodani nimejirusha mwenyewe mara nyingi, Mama Cherehani ameshika mlango anacheka mpaka anashika tumbo.

"Lakini kule kwa kaka yako hana nyundo," akasema alipomaliza kucheka.

"Najua," nikamwambia.

Akanitazama. Halafu akasema, "Wewe mtoto una roho mbaya," na akanimiminia chai.

Jumatano, 30 Aprili

Bega la baba limepona, daktari kamfungua mkono. Nikaenda kwa kaka na kifaa kipya. Nikamwambia ukweli mtupu: "Nilikosea mwanzo. Nimekitengeneza upya. Safari hii kikilia, ujue baba hayuko sawa. Na kitakupigia wewe, si mimi."

"Kikilia nitakuja mbio," kaka akasema. Akamvisha baba kwa mkono wake. Baba akanikazia macho juu ya bega la kaka. Nikatazama dari.

Ijumaa, 2 Mei

Jana kililia. Kaka, ambaye hata Mei Mosi yuko ofisini, akatoka mbio, akapanda ngazi zote, akamkuta baba kakaa kochini anatazama taarifa ya habari. Wakakifunika na mto, kikalia ndani ya mto. Baba akakataa katakata kukivua: "Binti yangu kasema nikivae." Jioni akakivua mwenyewe akalala.

Leo kimelia tena. Kaka akanipigia simu, nyuma yake namsikia mbea anapiga yowe na wifi anasema toa hicho kitu.

"Kifaa chako kibovu!"

"Si kibovu."

"Mzee amekaa! Kala, kanywa dawa, hajaanguka, hajaumwa. Ana nini basi?"

"Ulisema utakuja mbio akiwa hayuko sawa. Umekuja?"

"Nimekuja! Niko naye hapa! Nimwambie nini daktari? Mzee ana tatizo gani?"

"Hagongi," nikasema.

 Nikamsikia baba, kwa mbali, anacheka kile kicheko chake cha kigodani, ambacho sijakisikia tangu kabla ya mvua kubwa.

"Sasa mimi nifanye nini?" kaka akauliza. Sauti haikuwa ya ofisini tena.

"Mpe nyundo."

Jumapili, 4 Mei

Alimpa. Alinunua mpya, ndogo, ya kuning'inizia picha, akamwomba agonge polepole juu ya kitabu. Baba hajui polepole. Kimepasuka kigae cha sebuleni, na cha pili yake.

Asubuhi hii gari likasimama mlangoni. Kaka akashusha masanduku, dawa za baba, simu ya ukutani na kamba yake. Akanipa karatasi ya saa za vidonge, mwandiko wa wifi. Akatoa funguo mfukoni akafungua banda mwenyewe. Hakusema samahani na mimi sikumsaidia kuitafuta. Bado nina hasira naye. Nitaendelea nayo kidogo.

Baba akaingia, akapangusa ukungu kwenye chuma, akakaa kwenye kigoda. Nyuma yake nimeweka gunia la pili la ngozi, akienda upande. Akamtazama kaka miguuni.

"Vua," akamwambia. "Soli imeachia siku nyingi, nilikuwa naiona kila ukiingia."

Kaka akavua. Akabaki na soksi kwenye tope la mlangoni, hana pa kukaa, maana kile kiti cha mito kimejaa viatu vya watu. Baba akatia misumari mdomoni akaanza kugonga, na kabla hajafika pigo la tano dirisha la jirani likafunguliwa kwa kishindo.

"Wewe mzee! Punguza!"

Halafu cherehani ikaanza. Kaka akanigeukia kwa unyonge, akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia asubiri kama wateja wengine.